Toleo Jipya Lilivyoniumbua Zombe

Kuna watu wa Zombe ambao nikiwaona kwa mbali mjini Kitui mimi huingia duka lolote lililo karibu, hata kama ni la vipuri vya pikipiki, nikajifanya nauliza bei ya mnyororo mpaka wapite. Si kwamba nina ugomvi nao. Ni watu wazuri, walinilisha, walinicheka kwa upendo, na waliniombea. Shida yangu ni hiyo ya mwisho. Waliniombea bila kujua kwamba ni mimi wanayemwombea, nami nikanyamaza. Najua nikisema hivyo hamnielewi, kwa hivyo acha nianze pale mambo yalipoanzia, ingawa hata mimi niliyekuwepo bado kuna sehemu zinanichanganya.

Naitwa Mwikali. Kwetu ni Kibwezi, na chuo kikuu nilisomea kompyuta, hasa kutengeneza tovuti. Nilipomaliza nilikaa kwa wazazi nikituma maombi ya kazi na kuyafikiria baada ya kuyatuma (je, niliandika "Mheshimiwa" au "Mpendwa", na kama ni "Mpendwa", watanionaje?), hadi mama akachoka kuniona nikizunguka uani na simu mkononi, akanituma kwa dada ya baba, Shangazi Kalunde, huko Zombe. Shangazi ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa nyuki. Kikundi chenyewe kilianza kama mwethya, ule utaratibu wetu Wakamba wa kufanya kazi kwa pamoja: leo tunachimba mtaro wa huyu, kesho tunabeba mchanga wa bwawa la wote, na hakuna anayeachwa ashike jembe peke yake huku wengine wakimtazama. Baada ya bwawa wakaingia kwenye asali, lakini roho ikabaki ile ile ya mwethya, na roho hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Kabla sijafika, asali yao ilikuwa inachukuliwa na dalali mmoja aliyeagiza kwa mdomo na kukana kwa mdomo. Mizinga ikisharinwa na ndoo zikishajaa, yeye alikuja akasema, "Mimi? Nilisema hivyo lini?" Kikundi kikakata shauri: oda za mdomo basi, kila mnunuzi ataagiza kwenye tovuti ambapo kila mwanachama ataona. Kazi ya kutengeneza hiyo tovuti nikapewa mimi, kwa sababu Shangazi alisimama kwenye mkutano akasema damu yake inajua kompyuta. Na mnunuzi alikuwa ameshapatikana, Bi Zainabu, mama mwenye hoteli mjini Kitui, ambaye jamaa zake wana maduka Pwani. Alikubali kuja Zombe siku ya uzinduzi, aonje asali, kisha aweke oda yake ya kwanza mbele ya wote. Akiiweka, asali ya msimu mzima ingepata pa kwenda. Asipoiweka, hakuficha: kulikuwa na kikundi kingine upande wa Mwingi kilichokuwa kinampigia simu, na sisi tungerudi kwa yule dalali tukiwa tumeinamisha vichwa.

Aliyepinga mpango huo alikuwa mmoja tu, makamu wa mwenyekiti, Mzee Musembi, mwenye simu ya mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe na tochi isiyo na intaneti, na msimamo wake. "Asali haipiti kwa waya," alisema. "Asali inapita kwa ndoo." Watu wakacheka, wakapiga kura, akashindwa. Tangu siku hiyo kila akiniona aliniuliza, "Mwaitu, hiyo ndoo yako ya hewani imejaa?" (Mwaitu ni mama, na wazee wetu wakimwita msichana hivyo huwa wanamheshimu au wanamchokoza. Kwa Mzee Musembi sikuwahi kujua ni lipi.)

Sasa nisikilizeni kuhusu tovuti yenyewe. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, ilikuwa na picha za mizinga kwenye migunga na fomu ya oda isiyosumbua. Lakini mimi ni mtu wa wasiwasi. Nilikuwa nimelala macho nikiwaza: itakuwaje mtu akiifungua na kivinjari cha zamani, zile brauza za miaka hiyo, picha zirundikane kama kuni, halafu aseme Mwikali hajui kazi? Kwa hivyo nikaweka mlinzi mlangoni, mistari michache iliyosoma namba ya toleo la kivinjari cha mgeni, na kama toleo ni la zamani mno, mgeni haingii, anaonyeshwa maneno ya heshima: "Samahani, kivinjari chako ni cha zamani. Tafadhali kisasishe, kisha urudi." Nililipenda sana lile neno "urudi". Niliona lina ukarimu.

Asubuhi ya uzinduzi nikafungua laptopu pale mezani kwa Shangazi, na kwenye kona ya kivinjari changu kulikuwa na kile kialama kinachokuambia kuna toleo jipya. Kilikuwa pale muda mrefu, kikianza kijani, kikawa cha manjano, na siku hiyo kilikuwa chekundu. Mtu mwenye akili timamu angekiacha. Sote tunaofanya kazi hii tunajua hubadilishi kitu siku ya harusi. Nyinyi watumiaji mnaona kivinjari ni mlango tu, lakini kwetu sisi tunaotengeneza tovuti, toleo jipya ni kama mwenye nyumba mpya: anaingia akitabasamu, anasema hajabadilisha chochote cha maana, halafu jioni unakuta swichi ya taa imehamia nyuma ya kabati. Nilijua hivyo. Lakini nikafikiria: projekta itaonyesha skrini yangu yote ukutani, na watu wataona kile chekundu kwenye kona. Watasema, fundi wa tovuti, na kivinjari chake hakijasasishwa, ni kama fundi cherehani mwenye kola iliyochanika. Nikakibonyeza.

Kikajifunga, kikajifungua. Pembe za madirisha zilikuwa zimeviringwa kidogo na kitufe kimoja nilichokizoea kilikuwa kimehama, basi. Nikasoma kwamba hilo ndilo toleo la mia. Mia! Nikasema moyoni, hiyo ni namba ya baraka, nikafunga laptopu nikaenda kuoga. Sikuifungua tovuti kuijaribu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, mimi ninayerudi mlangoni kuhakikisha nimefunga mlango ambao nimesimama nikiushika.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Akina mama walikuwa na vitenge vya sare, chupa za asali zimepangwa mezani zikimeta, pasta kaunganisha intaneti ya kanisa na kutangaza neno la siri kwa kila mtu kama anayetangaza mstari wa Biblia. Bi Zainabu alikaa mbele, buibui lake safi na kikombe cha chai mkononi. Ameshaonja asali akafumba macho kidogo, na Shangazi alipoona vile akanifinya mkono kwa furaha hadi nikaumia.

"Sasa," Shangazi akasema kwa sauti ya mwenyekiti, "mtoto wetu ataifungua."

Nikaandika anwani. Nikabonyeza. Ukutani, juu ya madhabahu, kwa herufi kubwa kama za tangazo la mazishi, pakatokea: Samahani, kivinjari chako ni cha zamani. Tafadhali kisasishe, kisha urudi.

Nikacheka. Sijui kwa nini, kicheko kilitoka tu. Nikabonyeza tena. Samahani. Nikafunga kivinjari nikakifungua upya. Samahani. Nikaangalia toleo, na kweli lilikuwa la mia, jipya kabisa, limetoka jikoni asubuhi hiyo, na hapo akili yangu ikaanza kukimbia pande zote kama kuku aliyeona mwewe. Labda lilisasishwa nusu. Labda kuna vivinjari viwili na nimefungua kile kizee. Labda laptopu inaonyesha jipya lakini ndani ni la zamani. (Niliwahi kumjua mtu mwenye gari kama hilo.)

"Inasemaje?" bibi mmoja nyuma akauliza.

"Inasema turudi," Mzee Musembi akamjibu. "Hata haijatukaribisha, inatufukuza."

Watu wakacheka kidogo, si sana, kwa sababu ya mgeni. Nami nikasema jambo la kwanza la busara siku ile: "Pengine ni laptopu yangu tu. Hebu fungueni kwa simu zenu."

Wakatoa simu. Na ikafunguka! Kwa huyu ikafunguka, kwa yule ikafunguka, vigelegele vikaanza kona moja, akina mama wakionyeshana picha ya mzinga wa nani uko juu. Bi Zainabu naye akafungua simu yake akaenda moja kwa moja kwenye fomu. Nilisimama karibu yake nikaona kwa macho yangu: jina ameshaandika, aina ya asali ameshachagua, kilichobaki ni kubonyeza "Tuma oda". Kidole kilikuwa kimeshainuka.

Mambo yangeishia hapo ningekuwa sina mkasa wa kusimulia. Lakini Shangazi alikuwa bado anatazama ukuta.

"Ngojeni," akasema. "Hii kitu imesema kuna vya zamani. Kama imemkataa Mwikali mwenye kompyuta kubwa hivi, sisi wenye visimu itatukataa lini? Kesho? Oda ikishaingia tushindwe kuiona?"

"Kweli," wakasema.

"Na tena," akaendelea, na hapa ndipo mwethya ulipoingia, "mtoto wa watu hawezi kubaki huko mbele peke yake. Yeye amefanya hiyo kusasisha, sisi wote tusasishe, tuwe sawa. Mama Zainabu, usitume bado. Sasisha kwanza, usibaki nyuma."

Bi Zainabu akageuka kwangu. Sauti yake ilikuwa ya upole, Kiswahili chake kile cha watu wenye asili ya Pwani kinachofanya chetu kisikike kama mawe ndani ya debe. "Mwanangu, wewe ndiye fundi. Nisasishe kwanza, ama nitume?"

Nataka mjue kwamba nilifikiria. Nilifikiria mambo mengi ndani ya pumzi moja. Nikisema tuma, oda inaweza kuingia kisha ipotee, na itakuwa kosa langu. Nikisema sijui, mbele ya ukumbi mzima, mbele ya Shangazi aliyesema damu yake inajua kompyuta, hiyo damu itakuwa imejua nini? Na vitabu vyote vinasema ni vizuri kusasisha. Kwa hivyo nikatabasamu kama daktari nikasema, "Ndiyo, Mama. Ni vizuri zaidi kusasisha."

Kidole kikashuka.

Basi wakaanza. Sijawahi kuona kazi ikifanywa kwa umoja kama ile. Wenye kujua walikaa na wasiojua, wenye simu za polepole wakapelekwa karibu na dirisha ambako intaneti ya kanisa ilishika vizuri, na kila simu ilipomaliza mtu alisema "Amina!" Kuna mama ambaye simu yake ilikataa kwa kuwa imejaa. Wakamzunguka wakamfutia nyimbo za kwaya, moja baada ya nyingine, huku wakiimba kila wimbo kidogo kabla ya kuufuta, kama kuuaga. Hakuachwa mtu. Mzee Musembi tu ndiye aliyekaa na mulika mwizi yake mfukoni. Akaniuliza, "Na hii yangu niisasishe kwa kipande gani cha sabuni?"

Kisha wakafungua tovuti.

Samahani, kivinjari chako ni cha zamani.

"Asi!" akasema wa kwanza. "Yangu imekataa."

"Hata yangu."

"Yangu ilikuwa inakubali!"

"Mwikali, hii inasema nisasishe. Si ndiyo nimesasisha? Nisasishe tena?"

Na wengine walijaribu kusasisha tena, simu ikawaambia hakuna kipya zaidi, tovuti ikawaambia ni cha zamani, wakawa wanasomewa mambo mawili na vitu viwili ndani ya simu moja. Mimi nilikuwa nimesimama katikati nikihisi masikio yangu yamejaa maji. Mambo hayakuwa yanaingiana. Chenye afya tulikitibu, kikaugua. Kadiri kilivyokuwa kipya ndivyo kilivyoitwa kizee. Nikaangalia simu ya Bi Zainabu: fomu yake imepotea, jina lake limepotea, na ukumbini hapakuwa na simu hata moja iliyobaki ya kutuma oda, kwa sababu tulikuwa tumezisasisha zote kwa upendo.

Bi Zainabu akaweka kikombe chini. "Nina wageni hotelini mchana," akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeelewa. "Na hawa wa Mwingi wamenipigia tena asubuhi. Mwanangu, tatizo ni nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hilo ndilo linalonifanya niingie maduka ya vipuri.

"Ni hawa waliotengeneza kivinjari," nikasema. "Toleo hili jipya wameliharibu. Kosa ni lao, huko waliko."

Nilipolisema hata mimi nikaliamini. Lilikuwa na mantiki! Kabla ya toleo jipya ilifunguka, baada yake ikakataa, basi kosa ni la nani? Na watu wakanihurumia. Wakaanza kuwakasirikia vijana wasiowajua wa nchi wasizozijua. "Wanaharibu vitu vya watu hivyo tu?" "Hawana wazazi?" Pasta akasimama, akanyoosha mikono.

"Wapendwa, hatutalaumu. Tutaomba. Tusimame, tufunge macho."

Wakasimama wote, wakafunga macho, na mkijua maombi ya kwetu mnajua hayakuwa ya kimya. Kila mtu aliomba kwa sauti yake, ukumbi ukavuma kama mzinga. Sauti ya pasta ilipanda juu ya zote: "Baba, hao vijana walio mbali, wanaotengeneza hii kivinjari, hatuwajui majina, wewe unawajua! Mwenye kosa mfungue macho, Bwana! Aone alipokosea! Mpe unyenyekevu arekebishe!"

Mimi nikainamisha kichwa, lakini macho hayakufungika. Yaliangukia laptopu. Nikasema acha niangalie tu, kuangalia si kazi. Nikafungua mistari ya yule mlinzi wangu, nikaongeza mmoja mdogo wa kumuuliza: huyu mgeni umemwona ni wa toleo gani? Akanijibu: kumi.

Kumi.

Nikaitazama hiyo kumi. Kivinjari ni cha mia, mlinzi anaona kumi. Na polepole, huku pasta akiomba nifunguliwe macho, yakafunguka. Nilipoandika ile mistari, matoleo yote yalikuwa na tarakimu mbili, kwa hivyo nilimwambia mlinzi asome tarakimu mbili za mwanzo tu. Tisini na tisa anaisoma vizuri. Ikija mia anasoma moja na sifuri, anaishia hapo, anasema huyu ni wa kumi, ni mzee kabisa, arudi kwao.

Wale vijana wa mbali hawakuwa wamekosa chochote. Waliombewa bure. Na badala ya kuinua mkono na kusema pasta, subiri, nilifanya hesabu nyingine ya woga: wakiendelea kuomba, ninaweza kurekebisha kabla ya Amina, na hakuna atakayejua. Vidole vikaanza. Nikamfuta mlinzi mzima, mistari yote, nikaituma tovuti upya huku nikibonyeza polepole ili vitufe visilie. Ikafika. Nikafunga macho yangu kwa nguvu, na pasta akasema, "Amina!"

"Amina!" Na kwa mazoea ya imani wakafungua simu.

Ikafunguka. Kwa wote! Mama wa nyimbo za kwaya akaanguka kwenye benchi akilia kwa furaha, vigelegele vikapasua mabati, Shangazi akanikumbatia, pasta akasema "Mungu ni mwema", wakamjibu "kila wakati", na mimi katikati yao nikatabasamu tabasamu ambalo mpaka leo nikilikumbuka nauma kidole.

"Kabla hatujashukuru," Mzee Musembi akasema, akiwa bado amekaa, "mimi niko na swali."

Wakamgeukia.

"Mimi nikiomba sifungi macho. Niliacha siku nyuki waliponivamia nikiombea mzinga. Sasa macho yangu yalikuwa hapo ukutani." Akaelekeza kwa fimbo. "Mwaitu, ulikuwa unafuta nini wakati wa maombi?"

Nikageuka. Projekta. Projekta haikuwa imezimwa. Mambo yote niliyoyafanya kwa siri yalikuwa yamefanyika juu ya madhabahu, nyuma ya kichwa cha pasta, kwa herufi kubwa.

"Hata mimi niliona," Bi Zainabu akasema taratibu. Yeye alikuwa amekaa kwa heshima wakati wenzake wakiomba. "Sikutaka kumkatiza mtu ibada yake."

Hakukuwa na duka la vipuri karibu. Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, nikaambiwa niongeze, nikasema tena: kosa halikuwa la kivinjari wala la simu zao. Lilikuwa langu. Tovuti yangu haikuwa inajua kuhesabu hadi mia.

"Haijui mia?" Mzee Musembi akashangaa kweli. "Mjukuu wangu yuko darasa la pili, anahesabu mpaka mia na kurudi nyuma!"

Kicheko kilichotoka hapo, nafikiri kilisikika sokoni. Shangazi pekee hakucheka.

"Mwikali. Si ulituambia ni wale watu?"

"Ndiyo, Anti."

"Na tukawaombea."

"Ndiyo, Anti."

"Tumesimama hapa tukiwaombea watu wa watu wasio na kosa, na wewe uko hapo, unasikia."

Pasta akakohoa. "Mwenyekiti, hebu tukumbuke tuliomba nini. Tuliomba mwenye kosa afunguliwe macho. Mimi naona tumejibiwa, tena haraka, na hatukulipa nauli." Wengine wakasema amina, wengine wakacheka, lakini mimi nilikuwa namtazama Bi Zainabu, kwa sababu mkoba wake ulikuwa umeshaingia begani.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina wapishi. Mpishi akiniambia chumvi imezidi mkononi mwake, namsamehe. Akiniambia ni chumvi ya dukani iliyoharibika, namwachisha kazi. Wewe umeniambia yote mawili siku moja. Nikufanyeje?"

Hakungoja jibu. Akafungua simu, akarudi kwenye fomu, akanionyesha nikae karibu naye. Akaandika jina upya. Akauliza alama fulani ni ya nini, nikamwambia ni ya kurudi mwanzo. Akauliza oda ikishaingia wanachama wote wataiona, nikamwambia ndiyo, hiyo nimeijaribu. Kisha akainua macho.

"Na asali ikipungua kabla sijaletewa, itanijulisha?"

Nilihisi ile "ndiyo" ikipanda kooni, laini, iliyovaa vizuri, yenye tabasamu lake la daktari. Shangazi alikuwa ananiangalia. Wote walikuwa wananiangalia.

"Sijui," nikasema. "Hapana, najua. Haitakujulisha. Sijaiwekea hiyo."

"Haya," akasema Bi Zainabu, na akabonyeza.

Ilitokea ukutani, oda ya kwanza ya kikundi, na safari hii vigelegele vilikuwa vya asali. Alikuwa amekuja kuagiza ya msimu mzima. Aliagiza nusu, akasema hiyo nusu nyingine ataiagiza nitakapokuwa nimeiweka hiyo ya kujulisha, na kabla hajaingia garini akaongeza kwamba wale wa Mwingi atawaambia wangoje kidogo.

Kikundi kina sheria zake. Aliyeharibu kazi ya wote hufanya kazi na wote. Siku ya kuzoa mchanga bwawani nilikwenda, nikabeba karai kichwani kama wengine, Mzee Musembi akiwa kivulini na fimbo yake akihesabu kwa sauti kila nilipopita. Alipofika tisini na tisa alisimama wima kabisa. "Mia!" akapiga kelele, akinyoosha fimbo juu. "Umesikia, mwaitu? Inaitwa mia!" Bwawa zima likaitikia.

Tovuti sasa haina mlinzi. Aje na kivinjari kipya, aje na cha babu yake, aingie tu, picha zikirundikana tutazungumza. Hiyo ya kujulisha niliiweka, nikaijaribu hadi Shangazi akaniambia nilale, na nusu iliyobaki ya oda ikaja. Mtu akiniuliza jambo nisilolijua, nasema sijui kabla sijaanza kufikiria, maana nikishaanza kufikiria najua nitakosea. Kialama kikigeuka chekundu kwenye kona, nakiacha kiwe chekundu mpaka shughuli iishe. Na popote nilipo, pasta akisema tufunge macho, mimi hufunga laptopu kwanza.